Álava: mkoa wa bara umetajirikaje bila bandari?

Kijana wa Makupa

Assalam aleikum wenzangu. Kila mjadala wa makontena kupelekwa bandari kavu ya Naivasha ukizuka hapa Mombasa, kuna hoja inarudi: mkoa usio na bahari hauwezi kumshinda mwenye bandari. Mtu mmoja akatoa mfano wa Álava, kaskazini mwa Hispania. Haina pwani hata shubiri, lakini kwa miaka mingi pato lake kwa kila mtu limekuwa juu ya Bizkaia yenye bandari ya Bilbao, na hata Gipuzkoa. Sababu ni nini hasa: ardhi, kodi au bahati? Pia nasikia wana chumvi ya bara. Kama yupo anayejua inavyotengenezwa anieleze, naitaka kwa somo la darasa la saba. Tarakimu tafadhali, siasa tuziweke kando.

Nahodha wa Nchi Kavu

Waaleikum salaam. Tuanze na ramani. Álava ina takriban kilomita za mraba 3,000, ndiyo kubwa kati ya mikoa mitatu ya Wabaski, kabila lenye jimbo lake hapo kaskazini mwa Hispania, na watu wake ni kama 330,000. Robo tatu yao wamejaa mji mmoja, Vitoria-Gasteiz, ambao pia ndio makao ya bunge na serikali ya jimbo zima. Mji huo uliasisiwa mwaka 1181 na mfalme Sancho wa Sita wa Navarra, ukatekwa na ufalme wa Castilla mwaka 1200.

Siri iko katikati ya mkoa: uwanda mpana ulio kwenye kimo cha mita 500 na kitu, karibu sawa na Voi. Kaskazini kuna milima yenye mvua, Gorbea ikifika mita 1,482. Kusini safu ya Sierra de Cantabria inazuia mawingu ya Atlantiki, ndiyo maana ng'ambo yake, kuelekea mto Ebro, ni pakavu na panafaa zabibu. Hapo ndipo Rioja Alavesa, kwenye miji ya Laguardia na Elciego. Wengi hudhani mvinyo ndio ulioitajirisha Álava. Sivyo. Mvinyo umeipa jina, mishahara inatoka viwandani.

Sasa tazama majirani. Bizkaia na Gipuzkoa ni mabonde membamba, kiwanda kikitaka kupanuka kinagonga mlima upande huu na mto upande ule. Miaka ya 1950 na 1960 waliokosa nafasi walipanda uwandani, ambako manispaa ilikuwa imetenga maeneo ya viwanda, Gamarra kwa mfano. Vitoria ilikuwa na watu kama 52,000 mwaka 1950, na kufikia 1970 walikuwa zaidi ya 136,000. Michelin walianza uzalishaji huko mwaka 1966. Kiwanda cha magari madogo ya mizigo na abiria, ambacho leo ni cha Mercedes-Benz, kinaajiri watu wapatao 5,000.

Na usiseme haina bandari ukaishia hapo. Bilbao iko kama kilomita 65 kwa barabara. Reli kuu ya Madrid kwenda mpaka wa Ufaransa inapita Vitoria kwenyewe, na uwanja wa ndege wa Foronda unaishi kwa mizigo kuliko abiria, ingawa ukungu wa uwandani humsumbua rubani. Kwa hiyo mfano wako hauthibitishi kwamba bandari haina maana. Unaonyesha kwamba faida ya bandari huweza kutua kwa jirani mwenye nafasi.

Jambo moja la kutusogeza karibu: mto Zadorra wa Álava umezuiwa kwa mabwawa, sehemu ya maji yake hupitishwa kwenye handaki chini ya mlima, huporomoka zaidi ya mita 300 kuzungusha mitambo ya umeme, kisha hunywewa Bilbao. Sisi tunaokunywa maji ya Mzima kutoka kwa Wataita tunajua maneno yanayofuatana na mpango wa namna hiyo.

Karani wa Forodha

Nahodha ameigusa ardhi vizuri ila kodi ameiruka, na kodi ndiyo nusu ya jibu.

Kwetu Nairobi inakusanya, kisha kaunti zinagawiwa kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Álava ni kinyume: mkoa wenyewe ndio unaokusanya kodi ya mapato, ya makampuni na hata VAT, halafu jimbo linailipa Madrid sehemu ya gharama za mambo ambayo Madrid imebaki nayo, kama jeshi na ubalozi. Sehemu hiyo ni asilimia 6.24 kwa mikoa yote mitatu pamoja. Madrid ikitumia euro bilioni 100 kwa mambo hayo, hesabu inaanza na bilioni 6.24, kisha yanapunguzwa marekebisho.

Mtego uko hapa: kiasi hicho kinafuata matumizi ya Madrid. Mapato ya mkoa yakiporomoka, deni haliporomoki nayo. Anayetaka kaunti zetu zipewe mfumo huu asome kipengele hicho kwanza.

Mpango ulianza mwaka 1878, miaka miwili baada ya sheria ya 1876 kufuta haki za kale za Wabaski mwishoni mwa vita vya Wakarlisti, waliopigania kiti cha ufalme wa Hispania. Mwaka 1937 jenerali Franco, dikteta wa Hispania, aliwanyang'anya Bizkaia na Gipuzkoa mpango huo kwa kumpinga. Álava, iliyoangukia upande wake tangu Julai 1936, ikaachiwa. Wenzake wakarudishiwa mwaka 1981. Yaani wakati wa kile kipindi cha viwanda alichokitaja Nahodha, Álava peke yake kati ya hao watatu ilikuwa na hazina yake. Bahati? Naona ni malipo ya kisiasa.

Tena walivuka mpaka wakati mwingine. Walimpa Daewoo, kampuni ya Korea Kusini, punguzo la kodi la asilimia 45 ya uwekezaji ili ajenge kiwanda cha majokofu Vitoria. Tume ya Ulaya ikaamua mwaka 1999 kwamba huo ni msaada haramu.

Bi Mwana wa Frere Town

Mkichora ramani acheni tundu kusini mwa Vitoria. Treviño imezungukwa na Álava pande zote, lakini ni ya mkoa wa Burgos. Wanafunzi huipaka rangi moja.

Mpishi wa Chumvi

Nakujibu ya chumvi. Mahali panaitwa Salinas de Añana, magharibi mwa mkoa. Chini ya ardhi kuna tabaka la chumvi lililoachwa na bahari ya kale. Maji ya chemchemi hupita humo na kutoka na zaidi ya gramu 200 za chumvi kwa lita, wakati bahari yetu ina kama 35. Ndiyo maana mashamba yetu ya chumvi ya Gongoni na Marereni hulazimika kuyahamisha maji bwawa hadi bwawa yakolee kwanza, na Añana hawana haja hiyo.

Maji hushuka yenyewe kwenye mifereji ya mbao hadi visimani, kisha humwagwa kwenye majukwaa yenye kina cha sentimita chache. Majukwaa yameinuliwa kwa nguzo kwa sababu bonde limeinama, Gongoni ni tambarare hakuna haja. Kazi ni ya kiangazi tu, mvua moja inayeyusha kila kitu. Chumvi huvunwa kabla maji hayajaisha kabisa, kwani yale ya mwisho hubeba uchungu wa magnesi. Mbao hudumu kwa kulowa chumvi. Kilichoziangusha karne ya 20 ni simenti iliyotandazwa juu yake, uzito ukazidi nguvu ya nguzo.

Kwa darasa: weka gramu 240 za chumvi kwenye jagi, jaza maji hadi lita moja. Jagi la pili gramu 35. Mimina kila moja kwenye trei ya plastiki ya sentimita 18 kwa 18, utapata kina cha sentimita 3. Usitumie sufuria ya alumini, italika. Fanya Januari au Februari, kaskazi ikivuma, na usiku zifunike: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi chumvi huanza kuvuta maji, na usiku wa Mombasa hupita hapo kwa urahisi. Ile ya gramu 240 itaanza kuonyesha fuwele mapema, maji yakipungua kwa robo hivi tu. Ya pili hadi yabaki kama sehemu moja ya kumi.