Mhalifu akishalia kidogo, kijiji alichochoma tukisahau?

Wakuu, leo nina hasira, mtanisamehe.

Nimemaliza riwaya nene ya fantasia. Mchawi mmoja anateketeza kijiji kizima, watoto wakiwa ndani. Sura inayofuata tunarudishwa nyuma: baba mlevi alikuwa akimpiga, mama alikufa mapema, mchumba akaolewa kwingine. Analia, shujaa anamkumbatia, yameisha. Wale wa kijijini hawatajwi tena hadi kitabu kinafungwa! Halafu naambiwa eti huo ndio uovu wenye utata. Utata gani? Hayo ni maombi ya kupunguziwa kifungo.

Na ni haohao wanaomcheka Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, kwamba kwake wema ni wema na wabaya ni wabaya, basi. Mlifika mwisho kweli? Frodo, shujaa wake, anaibeba pete ya uovu safari nzima ili akaiangamize, anafika kwenye moto wenyewe, anakataa kuitupa. Anaivaa! Anayeimaliza kazi ni Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete hiyo, kwa tamaa zake: anamng'ata kidole, anaipata pete, anateleza nayo motoni. Na Gollum yuko hai kwa kuwa Bilbo, jamaa yake Frodo aliyekuwa na pete kabla yake, na baadaye Frodo, walimhurumia. Tunajua pia Gollum alimuua rafiki yake Déagol kwa ajili ya pete hiyohiyo. Hatufichwi, wala hatubembelezwi tumsamehe. Mimi swali la nani kaiokoa dunia pale lilinikosesha usingizi.

(Orki, wale askari wa upande wa uovu, nakubali, ni doa. Kiumbe anazaliwa na hatia tayari? Tolkien mwenyewe lilimsumbua, akabadilisha maelezo ya asili yao mara kadhaa.)

Au chukueni Adili na Nduguze. Shaaban Robert kawaita ndugu wa Adili Hasidi na Mwivu, yaani hukumu imo kwenye majina. Huwezi kurahisisha zaidi ya hapo. Lakini wakishageuzwa manyani kwa kumsaliti Adili, anayewapiga kila usiku kwa amri ya jini ni Adili, yule mwema, na moyo unamuuma kwa sababu anajua anampiga nani. Hakuna aliyetueleza habari za utotoni kutulainisha. Fimbo iko mkononi mwa mtu mzuri, na wewe msomaji hujui utazame wapi.

Sasa anayejua riwaya ambayo mchawi kama huyu wangu anakutana uso kwa uso na mama wa mmoja wa wale watoto, aitaje hapa. Ya baba mlevi msiniletee.