Je, daktari aanze mwenyewe kumuuliza mgonjwa wa sukari kuhusu unyumba?

Ndugu zangu, wapo wanaoshikilia kwamba daktari asimuulize mtu mzima mambo ya chumbani mpaka mwenyewe ayalete, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumvunjia heshima, hasa daktari akiwa binti na mgonjwa akiwa na umri wa baba yake. Naielewa hoja hiyo, lakini naipinga.

Mwaka jana nilimsindikiza baba yangu mdogo kliniki ya sukari. Daktari alimpima presha, akamvua viatu na kumkagua miguu kidole kwa kidole, akauliza kuhusu macho na mkojo wa usiku, kisha akaandika dawa. Kuhusu unyumba hakutamka neno. Tulipofika stendi, baba mdogo aliniomba nitangulie. Nilipogeuka nilimwona ameinamia meza ya muuza dawa za nguvu za kiume, akipokea unga uliofungwa kwenye kipande cha gazeti.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu na ya damu, na kwa kuwa mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kupungua kwa nguvu za kiume huweza kuwa dalili inayotangulia maradhi ya moyo. Wanawake nao hupata ukavu na fangasi za kujirudia. Hatari zaidi ni kwamba vidonge vya kuongeza nguvu vikimezwa na mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kushuka kiasi cha kuua.

Katika UKIMWI kikwazo hiki tulishakivuka: mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kwamba mtoa huduma apendekeze kipimo bila kusubiri kuombwa, na mgonjwa abaki na haki ya kukataa. Vivyo hivyo daktari anaweza kusema, “Mzee wangu, wagonjwa wengi wa sukari hupata mabadiliko katika unyumba, ungependa tulizungumze hilo?” Mlango uwe umefungwa, kwani siku ile uliachwa wazi na foleni nzima ilikuwa inasikia.

Linalonitatiza ni msindikizaji. Nilikaa kando ya baba mdogo muda wote, na hakuna aliyeniambia nitoke. Je, msindikizaji atolewe kila mara, hata mgonjwa akiwa mzee asiyesikia vizuri, anayemtegemea mwanawe? Naomba wauguzi na madaktari watueleze wao hufanyaje.