Safari ya Njombe na mtoto wa miezi minne: alale wapi?

MamaKwanza
Habari zenu wapendwa. Mwezi wa saba tunapanda basi kutoka Dar kwenda Njombe, kumpeleka mtoto kwa bibi yake ambaye hajamwona bado. Usiku mmoja tutalala Morogoro kwa wifi yangu, kisha siku kumi Njombe. Mtoto atakuwa na miezi minne na nusu, ana kilo saba, na wiki hii ameanza kujigeuza ubavu. Nyumbani ana kitanda chake cha mbao.

Nina njia nne: kitanda cha kukunja cha safari (mwenzangu kazini ananiazima), neti ya mwamvuli yenye kigodoro, kile kikapu alicholalia alipozaliwa, au kulala naye tu. Mume wangu anasema tusijitwike mizigo, kwa bibi kuna vitanda. Mimi roho haijatulia. Mliosafiri na wadogo, nisaidieni.

BabaKulwa
Hongera sana mama. Kitanda cha kukunja nimekwenda nacho Mwanza mara mbili. Kuta zake ni wavu, hewa inapita, mtoto haanguki, na atakitumia hata akianza kutambaa. Kero yake ni uzito, chetu kinakaribia kilo kumi, na kwenye buti la basi kililaliwa na magunia. Ukifika, usimweke mtoto kabla hujakikagua. Vingi unavuta kwanza pande nne za juu mpaka usikie kila upande umejifunga, ndipo unasukuma sakafu chini. Ukianza na sakafu, pande hazishiki. Kisha egemea kila upande kwa kiganja uone kama unalegea.

Sasa lililonifanya niandike. Kigodoro chake ni chembamba, ukikigusa unaona kama kadibodi. Mama mkwe akawaonea huruma wajukuu, akaleta kipande cha sponji tukaweka juu yake. Saa nane usiku nikawasha taa ya simu, nikamkuta Doto ameteleza katikati ya sponji na wavu, pua imeukandamiza wavu. Sponji ilipungua upana vidole vitatu tu. Alikuwa mzima, lakini sikulala tena. Msiongeze godoro jamani. Ule ugumu ndio unaomlinda.

ShangaziTanga
Pole sana baba, Mungu mkubwa.

Mimi watoto wawili nimewalea na neti ya mwamvuli. Ni nyepesi, unaikunja kama namba nane inaingia kwenye begi, na bei yake haifiki hata robo ya kitanda cha kukunja. Mchana unaiweka mkekani mtoto akalala bila nzi. Lakini ule mto uliokuja nayo niliutoa siku ya kwanza. Na angalia zipu zote mbili usiku, maana mbu hahitaji zaidi ya tundu dogo kwenye kona.

Niseme na ubaya wake. Mwanangu wa pili alipoanza kujigeuza alikuwa anauegemea wavu, asubuhi namkuta mkono una mabaka ya mbu, wamemuuma kwa nje. Na siku alipojiinua kwa mikono, neti yote ilipinduka naye. Wako ameshaanza ubavu, kwa hiyo nisingeinunua leo kwa ajili ya safari hii.

NesiWaZamu
MamaKwanza, nipo wodi ya watoto, nitasema kwa kirefu kidogo.

Kikapu kiache nyumbani. Vikapu vile ni vya mtoto ambaye hajajigeuza. Kuta zake ni fupi na laini, akijiviringisha uso unazama ubavuni mwa kikapu.

Popote utakapomlaza, mlaze chali, pawe tambarare, pagumu, na patupu. Patupu maana yake hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna blanketi zito, hata lile la zawadi lililofumwa na bibi. Mtu akikupa kibembea au kiti cha kuegemea, ni cha kuchezea akiwa macho. Mtoto akisinzia amekaa nusu wima, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Marekani vitanda vya watoto vyenye mwinuko wa zaidi ya nyuzi 10 vimepigwa marufuku kwa sheria ya 2022, baada ya vifo vingi. Na kwenye basi, ukimfunga mbeleko, uso wake uuone muda wote, na mpokezane na baba ukisikia usingizi.

Morogoro mbu wapo. Neti za mwamvuli nyingi hazina dawa. Ile neti uliyopewa kliniki hudhurio la kwanza ina dawa na ni salama kwa mtoto. Ifunge juu ya kitanda cha kukunja, ining'inie nje ya kuta na kuchomekwa chini, isimguse.

Njombe shida si mbu, ni baridi. Mvishe tabaka mbili na nguo ya kulalia yenye miguu. Tafadhali, tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumba mnacholala, hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu. Tumepokea familia nzima asubuhi.

Kulala naye: najua wengi wetu ndivyo tulivyolelewa. Chumba kimoja ndiyo, kitanda chake mwenyewe ni bora. Ikitokea usiku umeshindwa, isiwe kwenye sofa, isiwe na mtu aliyekunywa, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za usingizi, na mablanketi yakae mbali naye.

DadaHelsinki
Naongeza kutoka huku Ufini. Serikali hutoa sanduku la kadibodi lenye nguo na kigodoro kwa kila mama mjamzito anayehudhuria kliniki, lilianza 1938 kwa maskini na tangu 1949 ni kwa wote. Wanangu walilala humo miezi ya mwanzo, na tulilibeba kwenda kwa marafiki. Kadibodi tu, lakini tambarare na tupu kama anavyosema nesi. Ila naye akianza kujigeuza, limekwisha kazi. Kwa umri wa wako, kitanda cha kukunja.

MamaKwanza
Ahsanteni sana wote. Nimempigia wifi apime nafasi kati ya kitanda na kabati, amesema kitanda cha kukunja kitaingia kwa kubana. Bibi nimemweleza kuhusu jiko. Alinyamaza kidogo, kisha akasema wao walikuwa wanaliweka kila msimu wa baridi, basi mwaka huu litabaki jikoni.

Kitanda kimefika jana. Wavu hauna tundu, pande zote zimejifunga. Nimemlaza humo usiku akizoee kabla ya safari, ameamka mara mbili kunyonya akarudi. Mume wangu amesoma ya BabaKulwa mara mbili, hakusema kitu. Asubuhi nimemkuta anashona mkanda wa begani kwenye mfuko wa kitanda.