Baa ya wazi mita 40 kutoka madirishani: tuanzie mtaa, manispaa au NEMC?

Mpangaji_Sinza

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaojua taratibu za kelele hapa Dar. Sinza, nyumba ya ghorofa moja, familia sita. Mita 40 hivi kutoka madirisha ya vyumba vya kulala kuna baa ya wazi: paa la bati, upande wetu hakuna ukuta. Spika mbili kubwa, sabufa mbili, Jumatano hadi Jumapili, muziki hadi saa 8 usiku. Umeme ukikatika linaunguruma jenereta.

Sheria inasema kiwango gani? Barua iende kwa nani kwanza? NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) inaingia wapi? Na kipimo cha simu kinakubalika? Sitaki baa ifungwe, watu wana ajira pale. Nataka tulale.

jabali_la_kiza

Hama mkuu. Dar haina usiku.

Kipimo_dBA

Ahamie wapi sasa, maana baa zipo kila kona? Mpangaji, msikilize kwa burudani tu.

Msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sura 191, na chini yake Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za 2015. Kwenye hesabu za kelele mchana ni saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Eneo la makazi matupu: desibeli 50 mchana, 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 mchana, 45 usiku. Hospitali na shule: 45 na 35. Viwanda: 70 na 60. Vyote hivyo ni dBA, yaani desibeli zilizochujwa kufuata sikio la mtu.

Watu wengi hukosea papo hapo. Wanaandika barua wakidai 35, mwenye baa anajibu kwamba Sinza ni eneo mchanganyiko, mjadala unahamia kwenye mipango miji na kelele zinaendelea. Dai 45. Muziki wa wazi hauwezi kushuka hadi 45 hata ukijitahidi, kwa hiyo hupotezi kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye uwanja wazi, umbali ukizidi maradufu sauti hushuka desibeli 6. Spika ikitoa 95 kwa mita 10, mita 20 inabaki 89, mita 40 inabaki 83. Nyumba na kuta za katikati zitakula kiasi, lakini kutoka 83 hadi 45 ni desibeli 38. Tofauti hiyo haimalizwi na "punguza kidogo bosi". Ukisikia mtu anaahidi kupunguza kidogo, jua umbali kati yake na kanuni.

Bi_Mkubwa_Kata

Mwanangu, ofisi usizichanganye, kila moja ina rungu lake.

Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa hawana mamlaka ya kupima kelele, ila anzia kwao. Ngazi za juu zitakuuliza kama mtaa una taarifa, na usipokuwa na nakala yenye muhuri utarudishwa chini. Barua iwe fupi, isainiwe na kaya zote sita, kila kaya na namba ya nyumba. Sahihi moja wataiita ugomvi wa majirani.

Kisha manispaa. Sinza iko Ubungo, siyo Kinondoni, na bado watu wanapeleka barua Kinondoni kwa mazoea. Wa Tabata nao waende Jiji la Dar es Salaam, maana iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji tangu 2021. Andika kwa Mkurugenzi, YAH: malalamiko ya kelele, nakala kwa afisa mazingira na afisa biashara. Huyo wa biashara wengi humsahau, kumbe ndiye karibu na leseni. Leseni ya vileo huhuishwa kila miezi sita, na fomu yake hupita ngazi ya kata, afya na polisi. Malalamiko yaliyopokelewa masjala kabla ya kuhuisha yana uzito ambao polisi wa doria hana. Kipindi kimoja huishia Machi, kingine Septemba. Peleka barua mwezi mmoja kabla.

NEMC ni hatua ya tatu, siyo ya kwanza. Hao wana vipimo rasmi, na wanaweza kutoza faini na kutoa amri ya kusitisha. Waambatanishie barua mbili za mwanzo zikiwa na mihuri.

Polisi waite usiku wenyewe kelele zikiwaka, maana Kanuni ya Adhabu ina kosa la kero kwa umma. Ukiwapigia asubuhi wataandika tu. Ukishapiga, andika saa uliyopiga na saa waliyofika.

Mpangaji_Sinza

Shukrani sana Bi Mkubwa, na Kipimo pia. Nimepima kwa simu jana dirishani: inaruka kati ya 66 na 74, wastani 69. Hii naweza kuambatanisha? Na kuna kitu sielewi: namba inaonekana ya kawaida lakini kitanda kinatetemeka.

Kipimo_dBA

Ambatanisha, ila iite "kipimo cha awali cha simu". Usiiite ushahidi. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa sauti ya mtu anayeongea, mara nyingi inakata besi na kujirekebisha yenyewe sauti ikizidi. Afisa atapima kwa mashine iliyosawazishwa. Kazi ya namba zako ni kumwonyesha aje siku gani na saa ngapi.

Jinsi ya kupima ili isichekwe: simu mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, mbali na ukuta kadiri nafasi inavyoruhusu, maana ukuta unarudisha sauti na kuongeza namba. Usishike kwa mkono, weka juu ya stuli yenye kitambaa. Upepo ukivuma acha. Chukua wastani wa dakika 15, siyo kilele kimoja, kwa sababu kilele hata bodaboda linaweza kukitoa. Kisha, hili ndilo wanaolisahau, pima tena muziki ukishazimwa, palepale. Tofauti ikiwa 10 au zaidi, hakuna wa kusema ni magari ya barabarani. Tofauti ikiwa 3 tu, nusu ya nguvu ya sauti unayoisikia haitoki baa.

Mstari wa daftari uwe hivi: "Ijumaa, saa 5:20 usiku, dirisha la mashariki, dakika 15, wastani 69. Saa 8:25, muziki umezimwa, palepale, 46." Mistari kumi ya namna hiyo inamaliza maneno mengi.

Sasa kitanda. Herufi A kwenye dBA ni chujio linalofuata sikio, na sikio halisikii vizuri sauti nzito. Kwa mawimbi ya Hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde, yaani besi) chujio hilo linapunguza desibeli 26, kwa Hezi 50 linapunguza 30. Yaani sabufa inaweza kutoa 90 halisi dirishani na kipimo kikaandika 60 na kitu. Kama programu yako ina dBC (chujio linaloiacha besi ipite), chukua zote mbili kwa wakati mmoja. C ikizidi A kwa zaidi ya 15 au 20, tatizo lako ni besi, na hapo hata ukishinda kwenye dBA bado hutalala. Lalamikia mtetemo kwa jina lake, Kanuni zenyewe ni za kelele NA mitetemo.

fundi_sabufa

Niongeze upande wa mitambo, maana mwenye baa akikubali kukaa mezani lazima ujue cha kumwomba. Ukimwambia "punguza sauti" DJ atapunguza saa 3 na kurudisha saa 5.

Kugeuza spika kunasaidia sauti kali (ile nyembamba), besi haijali umeigeuzia wapi. Inazunguka pande zote. Sabufa ikikaa kwenye kona ya kuta mbili na sakafu, kona yenyewe inaongeza nguvu, kwa hiyo itolewe konani. Isikae moja kwa moja juu ya zege, iwekewe mpira mzito chini.

Halafu badala ya spika mbili kubwa zinazorusha sauti kutoka mwisho mmoja, ziwekwe ndogo sita au nane karibu na meza. Mteja aliye mita 3 kutoka spika hahitaji sauti ile ile ya aliye mita 12: hiyo ni desibeli 12 umeokoa, na mteja hajui. Kwenye mashine iwekwe limita (kizuizi cha sauti kupita kiwango) yenye neno la siri ambalo DJ hana. Ikifika saa 4, sabufa zizimwe kabisa, au zikatwe chini ya Hezi 80.

Trei za mayai ukutani ni kupoteza hela. Zinanyonya mwangwi kidogo wa sauti nyembamba ndani ya chumba, hazizuii sauti isitoke nje. Kinachozuia ni uzito: tofali la inchi 6, lipu pande zote mbili, bila tundu. Tundu ndilo linaloua kazi. Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu, hata uwe mzito vipi hautazuia zaidi ya desibeli 20. Yale matofali ya matundu ya kupitishia hewa yanayopendwa kwenye kumbi zetu ni mlango wa sauti.

Uzio usaidie? Kwa sauti kali ndiyo, kama ni mrefu kiasi kwamba ukiwa dirishani huzioni spika. Nyinyi mko ghorofani mnaziona juu ya uzio. Besi itapita juu hata hivyo.

kuku_wa_kienyeji

Na jenereta je? Kwetu lile ni baya kuliko muziki.

fundi_sabufa

Jenereta ni rahisi kuliko vyote. Likae ndani ya kasha lake la kuzuia sauti, siyo banda la mabati (bati linapiga ngoma). Miguu ya mpira, bomba la moshi lenye sailensa na lielekezwe juu, mbali na madirisha. Msilifunike bila njia ya hewa, litachemka na kuzima, na mwenyewe atang'oa mlango siku ya pili.

Mzee_wa_Mkesha

Na nyumba za ibada zinaguswa na hizi kanuni, au ni baa tu?

Bi_Mkubwa_Kata

Zinaguswa, baba. Kipimo hakiulizi dini. Lakini barua kwa nyumba ya ibada ipitie kwanza kwa viongozi wake, ana kwa ana, tena mchana. Mara nyingi ni spika moja ya nje iliyoelekezwa vibaya.

Mpangaji_Sinza

Nimeandika rasimu, naomba mnirekebishie sehemu hii: "Tunaomba ofisi yako ichukue hatua kali dhidi ya kelele zisizovumilika zinazotunyima usingizi na kuharibu maadili ya watoto wetu."

Kipimo_dBA

Futa maadili, futa zisizovumilika. Weka: "Tunaomba afisa mazingira apime kelele na mitetemo kwenye dirisha la mashariki, siku ya Ijumaa au Jumamosi kati ya saa 5 na saa 7 usiku. Kiwango cha usiku kwa eneo la makazi na biashara ni 45 dBA. Vipimo vyetu vya awali vimeambatanishwa."

Bi_Mkubwa_Kata

Na uweke namba ya simu ya mtu atakayefungua geti saa 6 usiku. Afisa akija akakuta geti limefungwa, atakaa miezi mingi kabla hajarudi.