Rozimeri na mnanaa kwenye mafuta ya nazi: matone mangapi? Na mbona mba inazidi?

Kichana_Igoma
Wakuu, habari za jioni. Nina chupa mbili za 10 ml, rozimeri na mnanaa, yale mafuta makali ya kudondosha. Mafuta ya nazi na ya nyonyo yapo. Ni ya wateja wanaosuka rasta hapa saluni. Kipimo kiweje? Na kwa nini mteja mwenye mba akipakwa nazi kwenye mistari kila siku tatu, mba inaongezeka?

Mils_Kumi
Dada, usikadirie kwa jicho. Duka la dawa chukua bomba la sindano la 10 ml, sindano yenyewe waachie. Matone 20 ni kama 1 ml, ingawa midomo ya chupa haifanani. Kwa mafuta ya 30 ml, matone 6 ni asilimia 1 na matone 12 ni asilimia 2, usipite hapo. Anza hivi: nazi 20 ml, nyonyo 10 ml, rozimeri matone 8, mnanaa 3. Mnanaa ukizidi unawasha, na watu hudhani kuwashwa ndiyo kufanya kazi. Siyo. Ni ngozi inalalamika.

Nyonyo usiiongeze, inanata na haitoki kirahisi kwenye rasta. Nazi huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo asubuhi za Julai hapa Mwanza unaikuta nyeupe. Loweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, ikiyeyuka ndipo udondoshe. Ukidondoshea kwenye mafuta yaliyotoka jikoni, kilicho cha maana kinapaa na mvuke. Hifadhi kwenye kioo cha kahawia, mbali na joto la bati.

Halafu kuna wanaodondoshea kwenye chupa ya maji ya kupulizia. Mafuta yanaelea juu, na mteja wa mwisho anapulizwa makali matupu.

Dirisha_la_Dawa
Mba ndiyo swali lenyewe hapa. Kuvu wake, Malasezia, hula mafuta ya ngozi, na nazi anaila vilevile. Ongeza joto na jasho chini ya rasta za wiki sita, umemwekea karamu. Mwenye mba asiachiwe mafuta kichwani. Mpake dakika 30 kabla ya kuosha, kisha aoshe mpaka ngozi iwe safi, povu lipite kwenye kila mstari.

Mba ikiwa nene, fumua kwanza. Shampuu ya ketokonazoli (dawa ya kuua kuvu) asilimia 2, povu likae dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa wiki, wiki 2 hadi 4.

Ukiona viduara vyenye nywele zilizokatikia kwenye ngozi, hasa kwa mtoto, hayo ni mapunye. Yanataka dawa ya kumeza, kwa sababu kuvu yuko ndani ya unywele na mafuta hayamfikii. Usimsuke, na kichana chake kisiguse kichwa kingine.

Kichana_Igoma
Asanteni. Sokoni kuna mafuta ya karafuu na ya ndimu pia. Je, yanafaa? Na wale walionyonyoka nywele pembeni?

Mils_Kumi
Karafuu ina yujenoli nyingi, kemikali inayowasha ngozi: matone 3 kwa 30 ml, basi, na mwenye ngozi nyepesi kuwashwa asiguswe nayo. Ndimu iliyokamuliwa kwenye ganda ukiipaka kwenye mistari halafu mtu akashinda juani, inaunguza na kuacha weusi. Achana nayo.

Pembeni tatizo ni kuvutwa. Rasta nyembamba na nzito zikiendelea, hakuna chupa itakayosaidia. Legeza, acha nywele za mbele nje. Rozimeri ina utafiti wa Iran wa 2015, wanaume 100 wenye upara wa kurithi, ikilinganishwa na minoksidili (dawa ya kupaka ya kuotesha nywele) asilimia 2: miezi 3 hakuna kitu, nywele zilionekana kuongezeka mwezi wa 6, kwa makundi yote mawili. Mteja anayetaka majibu wiki ijayo mwambie mapema.

Dirisha_la_Dawa
Na kila mchanganyiko mpya, tone moja nyuma ya sikio, saa 24, kabla hujamgusa kichwa. Mnanaa usikaribishwe kabisa kwa vichanga.