Kambi za Hali ya Hatari kwenye miwani ya uhalisia pepe: tuzijenge upya? Na nani ashike penseli?

Mwenye mada (Murang'a)

Habari zenu. Naleta hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Kazi yangu ni kuchora mazingira ya michezo ya kompyuta: nyumba, vichochoro, miti, vile vitu ambavyo mchezaji huvipita mbio bila kuvitazama. Tangu mwaka jana, usiku nikimaliza kazi ya mshahara, najenga kwa pande tatu kwenye kompyuta, mtu avae miwani ajione kama yuko ndani, kambi moja ya kizuizini iliyokuwa karibu na kwetu wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960), Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau wa msituni. Wazo si langu. Waliotangulia ni Museum of British Colonialism, kikundi cha kujitolea cha Wakenya na Waingereza kilichoanza 2018, pamoja na African Digital Heritage ya Chao Tayiana Maina. Walikwenda Nyeri kwenye viwanja vya kambi za Mweru na Aguthi, ambavyo siku hizi ni shule za sekondari, wakawasikiliza wazee waliofungwa humo, wakalinganisha na nyaraka, kisha wakazisimamisha kambi hizo upya kwenye kompyuta.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu sehemu kubwa ya kambi zenyewe haipo tena. Mabati yaling'olewa, mahandaki yakafukiwa, juu yake wanafunzi wanacheza netiboli. Na karatasi nazo zilikimbizwa. Waingereza walipokuwa wakifunga virago walichoma nyaraka nyingi, nyingine wakazisafirisha kwao. Hadi wazee walipoishtaki serikali ya Uingereza huko London kwa mateso waliyopata ndipo, 2011, ilipokiri kuwa imekalia mafaili yapatayo 8,800 ya makoloni 37, yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali hukohuko Uingereza.

Mimi nataka kwenda hatua moja mbele. Modeli iwe wazi kwa wote. Mjukuu yeyote aingie na aongeze alichosimuliwa: kitanda kilikuwa wapi, wimbo gani uliimbwa, nani alilala kona ipi. Hadithi zetu za jioni hazikuwahi kuwa za mtu mmoja, ukisema "Paukwa" lazima mtu aitikie "Pakawa", la sivyo huna hadithi. Mnaonaje? Na wakigombana wajukuu wawili, nani aamue?

Mwalimu wa historia (Nakuru)

Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Paukwa ni mlango wa ngano. Ngano ina ruhusa ya kutiwa chumvi, na msimulizi asiyetia chumvi huambiwa hajui kazi yake. Ushahidi wa mtu aliyepigwa hauna ruhusa hiyo.

Shida yangu na hizi pande tatu ni moja tu. Nikiandika kitabu naweza kusema "yasemekana", "huenda", "kwa mujibu wa fulani". Ukuta hauna "yasemekana". Ukishauchora umesimama, na mtoto wa kidato cha pili akiuona atauamini kama anavyoamini ukuta wa darasa lake. Kile ulichopima kwa futi na kile ulichobuni saa sita usiku kwa kuwa kona ilionekana tupu, kwake vyote vina rangi ile ile ya bati.

Na usidhani karatasi zitakuokoa. Kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walikufa kwa kipigo cha askari. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Sasa mchukue mchoraji hodari, mwaminifu, mpe taarifa ile peke yake. Atakuchorea gari la maji zuri ajabu, na kivuli chake, na matone yakidondoka mchangani.

Mtembeza wageni (Unguja)

Assalaam alaykum. Mie si mtu wa kompyuta lakini haya mambo ya kumtia mtu ndani ya historia nayafanya kila siku kwa miguu.

Kazi yangu ni Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, sasa pana kanisa la Waanglikana. Chini ya jengo la pembeni kuna vyumba viwili, dari fupi, giza. Mgeni huinama akaingia, nikamwambia watumwa waliwekwa humu wakisubiri mnada. Hutoka macho mekundu. Sasa, wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisheni kwa hospitali, baada ya soko kwisha. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilikasirika sana, maana nilikuwa nishaingiza watu mle miaka. Siku hizi nasema yote mawili. Wengine hawapendi. Wamelipa walie, si wapewe somo la ujenzi.

Lakini hatua chache tu kutoka hapo kuna shimo lenye sanamu za watu watano, wamefungwa minyororo shingoni, nyuso hazina hata mmoja unayeweza kumwita jina. Aliichonga Clara Sörnäs, 1998. Hapana anayedai hao ndio wenyewe. Sanamu ni sanamu. Basi kaa pale uwatazame wageni: wanateremsha sauti wenyewe, bila ya mie kusema neno. Nimejifunza kwamba mtu haguswi kwa sababu umemdanganya kuwa hapa ndipo. Huguswa pia ukimwambia wazi kuwa hii ni kazi ya mkono wa mtu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Murang'a, jenga. Ila usimwambie mtu "uko kambini". Hayuko.

Fundi wa game (Nairobi)

Mimi nitasema ya upande wa jikoni. Hii kazi ina jaribu moja kubwa: kuzama. Sisi watengenezaji tunapimwa kwa hilo, mtu asahau yuko sebuleni kwao. Mwaka 2015 mtengeneza filamu Chris Milk alisimama jukwaani akaiita teknolojia hii mashine ya huruma, na tangu siku hiyo kila anayetafuta fedha za mradi anaikariri hiyo sentensi. Mimi siamini. Nimeona watu wakivaa miwani. Kitu cha kwanza wanachofanya si kuhurumia, ni kunyoosha mkono waone kama wanaweza kushika kitu. Cha pili ni kujaribu kupenya ukuta.

Niliwahi kumpa binamu yangu kijumba cha makumbusho nilichotengeneza, cha makaburi kabisa, muziki wa huzuni na kila kitu. Ndani ya dakika moja alikuwa juu ya paa. Si mtovu wa adabu, ni kwamba dunia yoyote yenye kitufe cha kuruka inakwambia uruke.

Kwa hiyo swali si kujenga au kutojenga. Swali ni unampa mgeni mwili gani. Ukimpa mwili wa mfungwa, unamwongopea, kwa kuwa anajua akichoka atavua miwani akanywe chai. Ukimpa mwili wa askari, Mungu akusaidie. Mimi ningempa mwili wa mtu aliyefika miaka sabini baadaye: anatembea pole pole, harukii, hashiki kitu, anasikiliza tu.

Na tafadhali, iwe inafunguka kwenye simu ya kawaida. Miwani yenyewe wenye nayo ni wachache sana, na wengi wao hawana bibi aliyefungwa.

Mjukuu wa Manyani (Thika)

Nimesoma zote nikataka kunyamaza, lakini mmekuwa mkisema "wazee" kana kwamba wote walikubali kuhojiwa.

Babu yangu alipitia kambi ya Mackinnon Road, kisha ya Manyani. Sisi tulikua tukijua majina hayo mawili na si zaidi. Tukisafiri kwenda Mombasa kwa basi, likikaribia Manyani alikuwa akijifanya amelala. Mwaka 2013 Uingereza ilipokubali kuwalipa fidia wazee 5,228, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za mawakili, majirani wawili walikuwa kwenye orodha. Yeye hakuwahi kujiandikisha. Baba alimbembeleza sana. Alisema fomu ile inataka arudi mle ndani, na yeye alishatoka.

Sasa mnataka kumrudisha kwa kompyuta, na bila ruhusa yake, maana ameshakufa. Mwenye mada unasema "mjukuu yeyote aongeze alichosimuliwa". Mimi nilichosimuliwa ni kimya. Kimya kinachorwaje? Mtu mwingine ataweka kitanda pale kwa kuwa hakuna aliyeweka kitu, na hapo nyumba yetu itakuwa imepokonywa kitu cha mwisho ilichobaki nacho.

Sikatai kila kitu. Aliyetoa simulizi yake kwa hiari, mchoreeni ukuta wake. Lakini kambi haikuwa na watu waliosimulia peke yao.

Mwalimu wa historia (Nakuru)

Dada, hili la kimya nilikuwa sijalifikiria, nakiri. Sisi wa vitabu tunaona pengo tunakimbilia kuliziba.

Mjukuu wa upande ule mwingine

Sitaji nitokako. Mtaelewa.

Babu yangu alikuwa ngati. Kwa wasiojua, hao ni walinzi wa vijiji waliosimama na serikali ya kikoloni. Watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vya lazima zaidi ya 800, kila kijiji na handaki lake na miti iliyochongwa, na mlinzi mlangoni alikuwa mtu wa ukoo, si Mwingereza. Mwingereza alikuwa mmoja au wawili, wanakuja kwa gari wanaondoka. Ukichora kambi bila watu kama babu yangu, umechora uongo. Ukiwachora, utawapa sura gani? Ile ya jitu la sinema?

Mnazungumza juu ya "ushirikiano" kana kwamba waliokumbuka wako upande mmoja. Huo mlango ulio wazi kwa wajukuu wote, mimi naruhusiwa kuingia? Nikiandika kwamba babu alichukua bunduki kwa sababu kaka yake aliuawa usiku na watu wa msituni, nani ataifuta sentensi yangu, na baada ya dakika ngapi?

Simtetei. Kuna mambo aliyafanya ambayo baba yangu hayasemi hata kwa mama yangu. Nauliza tu kama dunia yenu ina chumba chake.

Fundi wa game (Nairobi)

Hapo ndipo miradi ya pamoja hufia. Si kwenye seva, si kwenye pesa. Hufa siku mtu asiyetakiwa anapoleta kitu cha kweli.

Mwenye mada (Murang'a)

Nimechelewa kurudi, samahani. Nilikuwa nimekwenda kumwona bibi. Yeye alifungwa gereza la Kamiti, upande wa wanawake, na ndiye aliyenifanya nianze haya yote, ingawa kambi ninayojenga si yake. Nilimwonyesha kwenye simu. Alitazama muda, akasema, "Ni safi mno." Nikamuuliza nichafue wapi. Akacheka akaniambia harufu haichoreki, niache.

Haya, yamenibadilisha mawazo kwa sehemu, na sehemu nyingine bado nabisha.

Mwalimu, ukuta usio na "yasemekana" nimeuota usiku. Nimeanza kupaka rangi upya. Kilichopimwa uwanjani au kuonekana kwenye picha kinabaki na rangi yake. Kilichosemwa na mtu aliyekuwepo nakiweka kijivu, na ukikisogelea unasikia sauti yake ikikisema, si yangu. Nilichobuni mimi nimekifuta. Matokeo yake kambi sasa ina mashimo matupu kila mahali na haipendezi hata kidogo. Mwenzangu mmoja ameniuliza kama kompyuta imeharibika. Lakini nikubali kwamba nilivyokuwa naziba mapengo nilikuwa napamba sana. Kulikuwa na mnara wa mlinzi niliouinua kwa sababu tu jua lilizama vizuri nyuma yake.

Dada wa Thika, mahali ambapo familia imesema hapana, sitaweka kitu wala maelezo ya kwa nini hakuna kitu. Kama hilo nalo ni kosa, niambie.

Ninapobisha ni hapa: bado nataka mlango uwe wazi. Wazee wanaondoka kila mwezi. Tukisubiri kamati ya wataalamu ikubaliane, tutabaki na kamati. Mtu akileta neno, liingie likiwa na alama ya aliyelileta, na anayepinga aweke la kwake kando yake, hakuna kufuta. Kwa hiyo ndugu wa upande ule mwingine, chumba kipo. Sikuahidi kwamba watakaokuja watakusalimu.

Mjukuu wa Manyani (Thika)

Acha pakiwa patupu. Usiweke hata jina.

Mtembeza wageni (Unguja)

Bibi yako kasema neno. Mie vyumba vyangu vimepakwa chokaa.

Mwenye mada (Murang'a)

Swali dogo la mwisho kwa leo, kwa yeyote mwenye mzee wa pande hizi. Nina mashahidi wawili na hawapatani kuhusu lango kuu la hii kambi. Mmoja anasema lilitazama barabara, wa pili hakumbuki barabara kabisa. Kwenye picha pekee niliyonayo pembe hiyo imekatwa.

Mjukuu wa upande ule mwingine

Nimempigia baba. Anasema lango lilikuwa upande wa mto. Alikuwa mtoto wa miaka minane, alikuwa akitumwa kumpelekea babu chakula, na alikuwa anasimamishwa hapo kwenye daraja la mbao la kuvuka handaki hadi babu atoke.

Sijawahi kumsikia akisema hayo. Niliuliza lango tu.

Mwenye mada (Murang'a)

Kwa hiyo yapo malango mawili. Nayachora yote, kijivu. Muulize kama atakubali sauti yake isikike kwenye hilo la mto.

Mjukuu wa upande ule mwingine

Nitamuuliza Jumapili.