Ushauri: Vyeti vya valvu za usalama vinatosha kusema mfumo wa presha na mwenge uko salama?

Mhandisi_Zamu_B:
Wakuu, habari zenu. Nimekabidhiwa kazi ya kukagua mfumo mzima wa kuachia presha kiwandani, kuanzia valvu za usalama hadi mnara wa kuchomea gesi, ule mwenge. Kwenye faili nimekuta cheti cha kila valvu na hakuna kilichopitwa na muda. Bosi anaona kazi imeisha. Mimi moyo unakataa, maana tangu mwenge ujengwe tumeongeza kompresa na matangi ya presha, yote yanamwaga kwenye bomba kuu lile lile, na hesabu za mwanzo sizioni popote. Mkandarasi kasema tujumlishe uwezo wa valvu zote. Kwa jumla hiyo tungehitaji mnara mpya. Nianzie wapi?

Fundi_Boila:
Moyo wako uko sahihi, mkuu. Cheti kinathibitisha kwamba valvu inafunguka kwenye presha iliyopangiwa. Hakisemi kama tundu lake linatosha.

Chukua tangi moja moja uulize nini kinaweza kuipandisha presha yake: njia ya kutokea imefungwa, maji ya kupoozea yamekatika, mrija ndani ya kibadilisha joto umepasuka, valvu ya kudhibiti imekwama ikiwa wazi, moto umewaka chini yake. Kila tukio lina kiasi chake cha gesi, na lile kubwa ndilo linaloamua ukubwa wa valvu. Angalia pia vikomo: tukio la kawaida lenye valvu moja linaruhusu presha ipande asilimia 10 juu ya kikomo cha tangi, moto unaruhusu asilimia 21.

Hilo la kujumlisha zote achana nalo. Tafuta tukio moja linaloigusa mitambo mingi kwa wakati mmoja, kama umeme kukatika kiwanda kizima au hewa ya presha inayoendesha vifaa vya kudhibiti kuisha. Jumlisha zitakazofunguka hapo tu.

Dada_Mabomba:
Naongezea, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Ukishapata mzigo wa pamoja, yaani gesi yote itakayotoka kwa tukio hilo moja, piga hesabu ya presha ndani ya bomba kuu kwenye mdomo wa kila valvu. Valvu ya kawaida ya springi, isiyo na mvukuto (kifuko cha chuma kinachojikunja, kinachoikinga valvu na presha ya upande wa kutokea), inasukumwa irudi kufunga na presha iliyo upande wa kutokea. Tuseme imepangwa baa 10, na wenzake wameshaijaza bomba kuu hadi baa 1.8. Hiyo haitafunguka kwenye 10, itasubiri hadi 11.8, na tangi lake linazidi kuumia. Hata presha inayozalishwa na mtiririko wake yenyewe kwa kawaida isizidi asilimia 10 ya presha iliyopangwa. Kwa hiyo kompresa yenu mpya inaweza kuiharibia kazi valvu ya zamani ambayo haijaguswa na mtu.

Upande wa kuingilia nako, upotevu wa presha usizidi asilimia 3 ya presha iliyopangwa, la sivyo valvu itagongagonga hadi ijivunje.

Kipimo_Sahihi:
Mbona mnampa mzigo mzito? Kama kuna mifumo inayozima mitambo bila kusubiri mtu, apunguze mzigo wa mwenge kwa hesabu hiyo.

Fundi_Boila:
Kwa mzigo wa mwenge inawezekana, ila mfumo huo uwe unajitegemea, unapimwa, na ufikirie kwamba mmoja wao utagoma. Kuitumia kupunguza valvu ya tangi lenyewe mimi sikubali.

Mzee_wa_Mnara:
Kijana, usisahau kimiminika. Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994: pipa la kutenganisha kimiminika kabla ya mwenge lilijaa, kimiminika kikaingia bomba la kutokea lililokuwa limeliwa na kutu, likapasuka. Zikatoka takribani tani 20 za hidrokaboni, wingu likalipuka, watu 26 wakaumia. Mfumo wa kutoa kimiminika kwenye pipa lile ulikuwa umebadilishwa bila kupima athari zake. Kwa hiyo nenda ukalione pipa lenu: pampu inawaka? Kengele ya kina cha juu inalia?

Halafu joto. Kwa mzigo mkubwa kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kulazimika kufanya kazi ya dharura dakika 2 au 3, joto la mwenge lisipite kilowati 4.73 kwa mita ya mraba. Penye watu muda wote ni 1.58.

Mhandisi_Zamu_B:
Nashukuruni sana. Leo nimetembea mstari mzima. Valvu ya kufungia iliyo baada ya valvu ya usalama ya tangi jipya haina kufuli wala lakiri, mtu yeyote anaweza kuifunga. Na valvu zote za zamani ni za springi, hazina mvukuto.

Dada_Mabomba:
Hiyo ya kufungia usiisubirishe ripoti. Hakikisha iko wazi, itiwe lakiri leo ikiwa hivyo hivyo wazi na iingie kwenye daftari la zamu. Kisha anza hesabu na umeme kukatika, ukizipa kipaumbele valvu zenye presha ndogo kabisa. Zikishindwa, kubadilisha hizo chache ziwe za mvukuto ni kazi ndogo kuliko mnara mpya. Mpaka jibu lipatikane, mwandikie bosi kwa barua kwamba uwezo wa mwenge haujathibitishwa tangu kompresa iongezwe.

Mhandisi_Zamu_B:
Lakiri imeshafungwa. Barua naiandika usiku huu, na hesabu ya umeme nikiimaliza nitaileta hapa mnikosoe.